Mgongo wa Wembe

"Mzee, siku ukiondoka, huo wembe unamwachia nani?"

Fundi viatu ndiye aliyewahi kuuliza swali hilo, tena aliuliza mahali pasipofaa kuulizia kitu. Alikuwa kalazwa kichwa nyuma kwenye kiti cha kinyozi, povu limemfika masikioni, na wembe wenyewe uko kooni. Kinyozi, jirani yake wa ukuta mmoja, alimwambia afunge mdomo, maana koo likipasuka halishonwi kwa uzi wa viatu. Jibu hakulitoa mpaka alipolala kitandani kwa ugonjwa wa mwisho, na jibu hilo, alisema fundi viatu huku akigongomea kisigino, ndilo lililoitia nyumba ile moto.

Sajini aliyasikiliza maneno hayo amesimama. Alikuwa amepewa kigoda, akakikalia, akainuka, akakikalia tena, mwisho akakiacha. Watu walimwita Sajini Pole kwa kuwa hakuwa na swali lisiloanza na pole. Walisema hata mwizi hupewa pole yake kwanza, ndipo pingu ibanwe. Lakini asubuhi ile pole zake zilikuwa za harakaharaka. Mchana gari la mahabusu lingeondoka kwenda mahakamani, na ndani yake angekuwemo mkwe wa marehemu, dereva wa gari la mikate. Sajini hakuwa na amani na safari hiyo.

Kesi kwa juu ilikuwa nyepesi. Wembe ule wa kukunja, wenye mpini wa pembe nyeusi, ulikuwa wa babu yake marehemu, ukaja kwa baba yake, ukaja kwake. Alipoona siku zake zimekaribia, mwana wa kwanza, Kaka Mkubwa, alimwachia duka la kunyolea. Wembe akampa kitindamimba wake, binti, kwa sababu ndiye aliyemnyoa wakati wote wa ugonjwa asimtoe hata tone la damu. Kaka Mkubwa alicheka mbele za watu akasema haki imetendeka, ila fundi viatu alikuwa karibu, na alisema kicheko kile hakikuvuka meno. Wembe ukabaki kwenye sanduku dogo la mbao, kabatini kwa mjane, ambaye mtaa mzima unamwita Bibi Kinyozi. Binti, aliyeitwa Kitinda nyumbani, aliishi na mumewe vyumba vya uani humohumo.

Juzi Bibi Kinyozi alifungua sanduku amwonyeshe mgeni wembe wa mumewe, akakuta kitambaa kitupu. Nyumba ikapekuliwa, na wembe ukatoka kwenye begi la dereva, umevingirishwa ndani ya soksi. Dereva alisema tu kwamba yeye ndiye aliyeutoa. Tangu hapo kinywa chake kilikuwa kama mlango uliotiwa komeo, hata askari wa zamu wakambandika jina la Bubu. Bibi Kinyozi alikwisha kuapa kwa Mola wake kwamba mwizi hatakanyaga tena kizingiti chake. Tajiri wa mikate naye alikuwa ameleta salamu kwamba gari lake haliendeshwi na mtu mwenye kesi. Akipanda gari la mahabusu, mtu huyo angekuwa amepoteza kazi, nyumba na mke kwa mkupuo mmoja.

Sajini alimwuliza fundi anamwonaje dereva.

"Mwoga," fundi akasema. "Kiatu chake kinaliwa upande mmoja tu, wa kukanyagia breki. Na wezi waoga nimewaona wengi, afande. Lakini mwizi anayeiba nyumba anamolala, kisha begi analitundika nyuma ya mlango wa nyumba hiyohiyo, huyo bado."

Hilo ndilo lililokuwa likimwasha Sajini tangu jana, kama chawa wa shingoni.

*

Sajini alimkuta Kitinda uani akikamua nepi, macho yamemvimba. Sajini alimpa pole mbili, moja ya kulea na nyingine ya yaliyobaki. Binti alizipokea zote kwa kichwa, mikono haikuacha kazi. Alipoulizwa kama ni yeye aliyeutambua wembe ulipotoka begini, alisema aliuona mpini ukichungulia kwenye soksi, akageuza uso. Hakuugusa. Tangu ajifungue hata sanduku alikuwa hajalifungua. Mikono yake ilishinda majini kutwa kwa ajili ya mtoto, na baba yake alikataza wembe kushikwa na mkono wenye unyevu, hivyo kazi ya kuupaka mafuta alikuwa amemwachia mumewe.

Na nani mwingine aliyelifungua sanduku? Mama yake, alisema. Muda kidogo umepita, mama aliona doa la kutu karibu na bawaba, akalilalamikia nyumba nzima, akampelekea malalamiko na Kaka Mkubwa dukani. Kaka alikuja akasema urithi umepewa mtoto asiye na mwanya wa kuutunza. Ndugu hao wawili waligombana siku hiyo mpaka mtoto akaamka.

Sajini alizunguka kamba ya nguo, akarudi, akazunguka tena. Nyuma ya mlango wa chumba aliona msumari, na msumarini koti la mvua la kijani. Akauliza ni la nani. Ni la mume wangu, alijibu binti, lakini mvua ikinyesha huvaliwa na yeyote mwenye safari.

"Pole, dada. Nifundishe kama mtoto. Wembe kama ule unatunzwaje?"

Kitinda alijifuta mikono kwenye kanga, kidole baada ya kidole, na sauti yake ikatulia kwa mara ya kwanza.

"Unaukausha. Unaupaka mafuta ya cherehani kwa ncha ya kidole, kidogo tu. Hauhifadhiwi kwenye ngozi, maana ngozi inakunywa unyevu halafu inautapikia chuma. Kabla ya kunyoa unaupitisha kwenye mkanda wa ngozi. Makali yakichoka kabisa ndipo unauendea jiwe."

"Jiweni unaushika kama kisu?"

"Kisu unakiinua. Wembe unaulaza bapa, mgongo na makali vyote viguse jiwe. Ukiuinua umeuharibu."

"Basi jiwe linakula kote kuwili."

"Linakula. Wa baba, mgongo ulikuwa umekuwa bapa, ukipitisha ukucha unakwama kwenye kona. Na upana umebaki kama kidole changu cha mwisho. Babu yake baba alipoununua, wanasema, ulikuwa na upana wa kidole gumba."

Sajini aliingiza mkono mfukoni akatoa bahasha ya kielelezo. Alikuwa amekitazama kitu kile tangu jana asijue anatazama nini. Aliufungua wembe akapitisha ukucha juu ya mgongo wake, na ukucha ukateleza toka mwanzo hadi mwisho, maana mgongo ulikuwa wa mviringo kama kalamu. Akaweka kidole gumba juu ya bapa, kikaenea.

Akamnyoshea binti wembe huo. Kitinda alishika mpini tu, kabla hata hajatazama makali.

"Huu si wembe wa baba," alisema, akakaa ukingoni mwa karai la nepi. Kisha akauliza swali ambalo Sajini alikuwa tayari anajiuliza. "Basi wa baba uko wapi?"

*

Mahabusu palinuka dawa ya sakafu na jasho la watu wasiolala. Dereva alikuwa amekaa pembeni, viatu havina kamba, suruali anaishikilia kwa mkono. Sajini alisimama mlangoni, funguo zinamchezea kidoleni.

"Pole, kijana. Nimeuona mgongo."

Kichwa kikainuka.

"Ulijua si wenyewe. Ulikuwa unaupeleka wapi?"

Dereva alitaka kwanza kujua nani mwingine amejua. Alipoambiwa mkewe, alifunika uso kwa mkono ule mmoja uliokuwa huru, na komeo la kinywa chake likang'oka lenyewe. Aliomba mkewe aachwe, ana mtoto mchanga. Siku ya ugomvi, alisema, mkewe alirudi chumbani akilia, akasema wembe huu umewaingizia shetani nyumbani, heri autumbukize chooni wapumzike. Siku chache baadaye yeye alikwenda kuupaka mafuta, akakuta wembe mgeni sandukuni. Akajua mkewe ametimiza, kisha ametia mwingine ili mama asihisi. Kwa hiyo aliuchukua apite nao kwa muuza vikuukuu, aone kama anaweza kupata unaofanana zaidi na wa mzee. Hakufika. Kabla hajatoka kwenda kazini mama mkwe alikwisha kufungua sanduku.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, afande? Kwamba mke wangu ametupa wembe wa baba yake chooni?"

Sajini alizungusha funguo kidoleni. Maneno yalikuwa matamu, na mwizi mwenye akili naye angeyapanga vivyo hivyo. Angeuza wa kweli, akanunua wa bandia, na akikamatwa amsingizie mwanamke aliyeko uzazini. Alifunga mlango, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa.

*

Muuza vikuukuu aliketi katikati ya pasi za mkaa, redio zisizo na matumbo na saa zilizogoma. Alipoonyeshwa wembe alisema ndiyo, umetoka hapa. Mnunuzi alikuwa mwanamume. Sura hakuiona vizuri, kwani alivaa koti la mvua, kofia ya koti imeshushwa hadi machoni, na siku yenyewe jua kali.

"Koti la rangi gani?"

"Kijani."

Sajini aliukunja wembe. Koti lilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa dereva, na gari la mahabusu sasa lilikuwa linatiwa mafuta. Alikwisha kugeuka aondoke, akasimama, akarudi. Aliuliza mtu yule alizungumza nini. Muuza vikuukuu alisema si mzungumzaji. Alitaka mpini wa pembe nyeusi, basi. Makali hakuyapima, bei hakuivuta, alikuwa na haraka ya mtu aliyeacha sufuria jikoni. Ila alikuwa na kiburi. Hapo muuza vikuukuu alishika kisogo chake mwenyewe, na ilionekana jeraha la moyo bado bichi.

"Nimeinama namtafutia kitu chake, afande, nasikia mtu ananiambia, 'Nani kakunyoa hivi? Kisogo kimepinda kama barabara ya mlimani.' Mimi nimemwuliza habari za kisogo changu? Mke wangu hajawahi kukilalamikia."

Sajini alimtazama kisogo. Kwa kweli kilikuwa kimepinda. Akampa pole, na pole hiyo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ilitoka na kicheko.

*

Dukani kwa Kaka Mkubwa kulikuwa na mteja mmoja anayemaliziwa. Vioo viling'aa na mashine ziliunguruma, lakini mkanda wa ngozi wa marehemu ulining'inia ukutani umekauka kama mkia wa mnyama aliyekufa zamani. Mashine za umeme ndizo alizokulia mwenye duka. Jiwe la kunolea hakuwahi kulivumilia, na baba yake alikwisha kuchoka kumlazimisha. Mteja alipotoka, Sajini aliketi kwenye kiti, akatulia. Mtu anayemjua angeogopa kumwona ametulia hivyo.

Kaka Mkubwa alisema ni heshima kumhudumia afande, akamfunga shingoni ile nguo ya nailoni, akawasha mashine, akaanza kunyoa. Alisema inamuuma sana jambo la shemeji yake, lakini sheria ni sheria. Sajini aliinua ncha ya nailoni mbele ya mwanga wa mlango. Ilikuwa na vitundu vidogovidogo, vingi, kingo zake zimeyeyuka na kuganda. Chini ya meza, nyuma ya ndoo ya nywele, aliliona gurudumu la umeme la kunolea, lile mafundi wanalotumia kwa visu na mapanga.

"Nimetoka kwa muuza vikuukuu," alisema. "Anakusalimu. Anasema kisogo bado hakijanyooka."

Mashine ikazimwa.

"Pole," Sajini akaendelea, akimtazama ndani ya kioo. "Mashine ya kunyolea haitoi cheche. Nguo yako imetobolewa na nini?"

Kaka Mkubwa alikuwa mtu mnene, mwenye kupenda utani. Sasa alipungua mbele ya macho, kama mkate uliotolewa tanurini kabla ya wakati. Alikwenda rafuni, akashusha kopo la poda, akachimba ndani kwa vidole viwili, akauweka wembe juu ya meza. Mpini ulikuwa mzima. Chuma kilikuwa na rangi ya buluu na ya dhahabu, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji, na makali yalikuwa yamemeguka jino katikati.

"Nilitaka kutoa kutu tu, afande. Mama alilia kwamba wembe wa baba unaoza. Nikasema niuchukue, niung'arishe, niurudishe, waone nani alistahili. Doa likatoka vizuri. Nikasema nizidishe kidogo. Ukapata moto, ukabadilika rangi mkononi mwangu, na nilipoujaribu makali yalikuwa yamekufa, yanakunjika kama bati. Nikarudia. Ndipo ukameguka."

"Koti?"

"Lilikuwa pale mlangoni. Nilipita uani nikalivaa nisitambulike, nikalirudisha nilipokwenda kutia ule mwingine sandukuni."

"Na mwenzio ulimwacha ndani."

"Sikumtia mimi."

"Hukumtoa pia," alisema Sajini, akajifungua nailoni shingoni mwenyewe. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imenyolewa, na nusu nyingine aliondoka nayo vilevile.

*

Gari la mahabusu lilikuwa linaunguruma uani mwa kituo, askari aliyeko usukani anapiga honi. Sajini alilipita akaingia ndani na kumwambia mkuu wa zamu amtoe mtu mmoja kwenye orodha. Bibi Kinyozi alikwisha kuitwa, amempakata mjukuu. Kitinda alisimama kando ya kaunta. Kaka Mkubwa aliyasema mbele yao yote aliyoyasema dukani, macho sakafuni. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba Mungu msamaha kwa kiapo chake, akasema shetani amewapitia, na mambo ya ndani yamalizwe ndani.

Sajini alimwambia Kitinda kwamba mali ni yake, akitaka kumshitaki kaka yake ashitaki. Binti aliuchukua wembe ulioungua, akapitisha ukucha mgongoni. Kona ilikuwapo bado, ile iliyochongwa na mikono ya watu watatu, moto haukuifikia. Aliufuta poda kwa upindo wa kanga kavu, pande zote, hata ndani ya mpini, akaukunja.

"Utakaa hivihivi," alisema. "Sishitaki. Lakini jiwe lisiuguse tena, wala wewe."

Kaka Mkubwa alianza kulia kwa sauti, ikabidi askari wa kaunta ajifanye anatafuta kalamu.

Ndipo dereva akatolewa. Mkuu wa zamu alimsukumia mkanda, kamba za viatu na begi lake. Alivaa mkanda kwanza. Bibi Kinyozi alimwita mwanangu, akamwambia nyumba ni yake, na ya nyuma ayaache nyuma. Yeye aliitikia kwa adabu, akainama kupitisha kamba kwenye viatu, tundu kwa tundu. Sajini alimwambia kwamba mkewe hakutupa kitu, kwamba alikaa ndani kwa kosa lisilokuwapo. Mtu yule alifunga macho, akashusha pumzi ndefu kama aliyetuliwa gunia.

"Nisamehe, mama mtoto," alisema, bado ameinama. "Nilidhani ni wewe. Ndiyo maana nilinyamaza."

Kitinda alishika ukingo wa kaunta.

"Na wewe?" mumewe akauliza. Aliuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza maji yapo. "Walipokuuliza juu yangu, uliwaambia nini?"

Sajini alikuwa ameyaandika maelezo hayo kwa mkono wake mwenyewe. Aligeuka dirishani, akalitazama gari la mahabusu likitoka langoni.

"Niliwaambia begi ni lako," alisema Kitinda.

"Ni langu. Na nini tena?"

Angeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa mtoto wa nyumba isiyosema uongo mbele ya mama, na mama alikuwa pale, amempakata mtoto wao.

"Niliwaambia nakufahamu. Niliwaambia unaweza kuiba."

Dereva alimaliza kamba ya kiatu cha kulia, akaivuta, akafunga fundo, akalirudia. Alisimama. Alimwendea mama mkwe, akamgusa mtoto wake utosini kwa kiganja kizima, akakiacha hapo kidogo. Kisha akachukua begi, akapita katikati yao, akasukuma mlango na kutoka.